Idi ya Kisanduku cha Kijani

Theluji ya kwanza kuanguka Mjambere niliitoa kwenye mto. Ulikuwa mto wa zamani wa sufi, mzito kama gunia la chumvi. Niliupasua ubavuni, nikapanda juu ya kiti cha mtoto, kiti ambacho fundi wake hakuwahi kuniwazia mimi, nikaimwaga sufi juu ya vichwa vya watoto wa chekechea huku nikiwaeleza kwamba katika nchi za mbali Krismasi huja na baridi, na mbingu humwaga vitu vyeupe. Darasa zima likapiga chafya. Mtoto mmoja alipomaliza kupiga chafya akaniuliza, "Ticha, kwani huko Mungu alalia mito mibovu?"

Nikatabasamu. Mwalimu wa chekechea hulipwa kwa ajili ya kutokuwa na majibu na kuendelea kutabasamu.

Mimi ni mwanamume wa kidato cha nne. Nasema hivyo kwa sababu mtaani kwetu mambo hayo mawili, uanaume wangu na kidato changu, ndiyo watu huyataja kila wakinieleza. "Yule mwanamume wa chekechea." "Yule aliyeishia fomu foo." Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja mwenye ulimi mrefu kuliko kamba ya nguo zake, kila asubuhi akiniona natoka na mkoba wenye gundi na makasha matupu ya mayai huuliza, "Mwalimu, leo waenda kufundisha nini?"

"Leo nafundisha Uchina, mama."

"Uchina! Nawe feri ya Likoni wavuka kwa kushikwa mkono!"

Ni kweli. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari nikizisikia natafuta mahali pa kukaa. Dada yangu aliolewa akenda Maskati, ndugu yangu akafuata kazi Nairobi, wazee wakatangulia mbele ya haki mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaachiwa nyumba kama paka anavyoachiwa jiko. Nyumba kubwa, vyumba vyake vingi navifungua mara moja kwa wiki vipate hewa, kisha navifunga, kama mtu anayekagua wagonjwa. Naishi kati ya jikoni na ukumbi. Nimeshazoea kuzungumza na birika.

Wazo la sikukuu za dunia lilikuwa la mwalimu mkuu, mama wa bara aliyekaa pwani miaka mingi mpaka akajifunza kupika mbaazi za nazi, ila haraka yake ya bara hakuiacha. Siku moja alikuja na makaratasi makubwa ya manila, ameyachora visanduku kama sakafu ya vigae, kila kisanduku siku moja. Akayabandika ukutani kwenye darasa langu.

"Mwalimu," akaniambia, "kila mwezi watajua sikukuu ya watu wengine, ama siku ya dunia. Siku ya maji, siku ya miti, siku ya taa za Wahindi. Nataka hawa wawe watoto wa dunia."

"Madam, hawa wengine bado tunatafuta wawe watoto wa choo."

"Basi waende chooni wakiwa wa dunia."

Tukaanza. Siku ya dunia ya kunawa mikono mfereji ulikuwa mkavu, kama ulivyokuwa juma zima, ikabidi tununue mtungi kwa mwuza maji wa mkokoteni, na watoto wakanawa kwa zamu katika beseni moja mpaka maji yakawa rangi ya chai. Nikawaambia dunia nzima inanawa pamoja nasi. Mtoto mmoja akachungulia ndani ya beseni akasema, "Ndiyo, yaonekana." Sikukuu ya taa niliwasha koroboi nyingi nikafunga madirisha, nikitaka wastaajabu. Msichana mmoja akasema kwa huruma, "Pole, ticha. Stima itarudi." Mwaka mpya wa Wachina tulitengeneza joka refu kwa makasha ya mayai na leso kuukuu, watoto ndani yake kama mabehewa ya treni, na wa mkiani akalala usingizi humo humo. Joka likawa linazunguka uwanja likiburura mkia wake.

Nilipenda kazi ile, nisidanganye. Usiku nilikuwa najilaza kwenye kochi na simu yangu, nasoma watu wa wapi wanasherehekea nini. Nikaanza kuona jambo moja, na kila nilipogeuza ukurasa nililikuta tena. Watu huvaa tofauti, hula tofauti, wengine hurushiana maji na wengine hupakana rangi, lakini mwisho wa yote ni kuendeana. Mtu hutoka kwake akaenda kwa mwenziwe. Sikukuu isiyo na mlango wa kubisha sikuiona popote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza hayo watoto kila mwezi, kwa picha na nyimbo, kisha saa nane narudi nyumbani nafunga lango kwa kufuli na komeo, kama kwamba kuna anayetaka kuingia.

Ndipo Ramadhani ikafika, na nyuma yake Idi. Mwalimu mkuu akasema, "Hii ni yako, Mwalimu. Hapo hutahitaji simu."

Kwa asiyejua, pwani kwetu Idi ni ya watoto. Baada ya swala huvalishwa nguo mpya, wakatoka makundi kwa makundi, nyumba hata nyumba, wakitoa salamu na kudai mkono wa Idi. Unawapa kitu mkononi, sarafu au peremende au ubuyu, na wakiingia wanalishwa kaimati na tambi na vileja mpaka wafike nyumba ya nne wameshashiba, wanakula kwa adabu tu. Enzi za wazee wetu nyumba yetu haikuwa na nafasi ya kuweka kiatu siku hiyo. Sasa miaka kadhaa hakuna anayebisha. Siwalaumu watoto wa mtaa. Nyumba haina mtoto, lango limefungwa, na ndani yuko mwalimu. Nani aende kwa mwalimu siku ya sikukuu? Atakuuliza kanzu yako ina vifungo vingapi.

Kwa hiyo nilipokuwa nawaeleza darasani habari za mkono wa Idi, nikasikia mdomo wangu unasema, "Na nyinyi mje kwangu."

"Sote, ticha?" mmoja akauliza.

"Nyote. Hata msiofunga. Hata mnaokwenda kanisani. Idi ni kuendeana."

"Kwako kuna mtoto?"

"Hakuna."

"Kuna mama?"

"Hakuna. Niko mimi."

Walinitazama vile watoto wanavyomtazama mbuzi aliyefungwa peke yake. Msichana yule wa stima, mtoto wa wapangaji wa Kiembeni, watu wa bara, akauliza, "Ni lini?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Kiswahili, mzawa wa nyumba ya Kiswahili, anastahili kuchapwa bakora. Ningesema, ni mwezi ukiandama. Ningesema, Idi haikai kwenye karatasi, Idi hungoja macho ya watu yaone mwezi, na kila mwaka kuna wanaofuata mwezi wa huku na wanaofuata mwezi wa kule, na hata mtu na mkwewe huweza kula Idi mbili mbalimbali. Lakini mtoto wa miaka mitano ameuliza lini, na ukutani kuna karatasi ya mwalimu mkuu, na kwenye karatasi kile kisanduku kimeshaandikwa IDI kwa herufi kubwa. Nikachukua rangi nikakipaka kijani.

"Mkifika hapa," nikasema. "Kisanduku cha kijani."

Shule zikafungwa. Kila mtoto alikwenda nyumbani na karatasi yake ndogo yenye visanduku, cha mwisho amekipaka kijani mwenyewe.

Usiku wa kuamkia siku ile ya kijani nilikaa na redio kama Mwislamu mwingine yeyote. Wakatangaza mwezi haukuonekana, tukamilishe thelathini. Nikasema alhamdulillahi, nikala daku langu, nikalala. Wazo la visanduku halikunipita kichwani hata kwa bahati mbaya. Kwangu mimi tangazo la redio limefika dunia nzima. Nani asiyesikia redio usiku wa mwezi?

Asiyesikia ni yule asiyefunga.

Asubuhi, jua limeshapanda, niko kwenye kochi na fulana na kikoi, nasinzia usingizi wa mfungaji, nikasikia lango linagongwa kama linadaiwa. Nikatoka najifuta mate. Nje kuna tuktuk, na kwenye tuktuk wanatoka watoto, na wakaendelea kutoka, watoto wa ploti nzima ya vyumba vya kupanga kule Kiembeni, wamevaa nguo za kanisani. Mashati meupe, tai za mpira, magauni yenye marinda kama keki. Nyuma yao akashuka babake yule msichana, ndani ya ovaroli ya kazi, macho mekundu. Yeye ni mpakiaji katika maghala ya Changamwe, zamu ya usiku, na ilionekana wazi kwamba bado hajafika kitandani.

"Idi mbaraka, ticha!" wakapiga kelele kwa pamoja. Mikono imeshanyooshwa.

"Mwalimu, shikamoo," akasema yule baba, ingawa huenda ananizidi umri. "Huyu wangu amekataa nilale. Amenihesabia visanduku mpaka nikachoka. Nikasema, twende, sikukuu ya mtu ni heshima."

Nilisimama pale na kikoi changu.

"Marahaba," nikasema. "Karibuni. Lakini Idi... Idi ni kesho."

Mikono ikabaki imenyooshwa.

"Mwezi haukuonekana," nikaeleza. "Tunaungoja mwezi."

"Umepotea?" akauliza mmoja.

"Haukupotea. Umechelewa."

Yule msichana akatoa karatasi yake mfukoni mwa marinda, akainyoosha kwenye goti, akaweka kidole juu ya kijani.

"Najua," nikamwambia. "Najua, mama. Mimi ndiye niliyepaka."

"Basi sisi tumekuja siku gani?"

Niliwaingiza ndani. Nyumba haikuwa imefagiliwa. Jikoni kulikuwa na mbaazi zimerowekwa, muhogo haujamenywa, na tende zangu za kufuturia. Nikaleta tende kwenye sinia, nikawasha feni, nikafungua madirisha ya ukumbi ambayo yalilia kwa kutu. Wakakaa chini kwenye mkeka mikono mapajani, kama nilivyowafundisha kwamba mgeni wa Idi hukaa. Wakala tende. Mimi nikawa nawatazama wakila, nimefunga, koo kavu, na nakuapia wallahi sijawahi kuona tende zinaliwa vizuri vile.

"Ticha, wewe huli?" yule msichana akauliza.

"Nimefunga."

"Siku ya sikukuu umefunga?"

"Kwangu si sikukuu bado."

"Pole," akasema, na akaondoa kokwa mdomoni akaiweka pembeni mwa sinia kwa adabu.

Babake alikuwa amekaa kwenye kochi, kichwa kimeanza kuanguka na kuinuka. Nikamwambia waje kesho, ndiyo Idi yenyewe, nitapika. Akasugua uso. "Mwalimu, leo usiku naingia tena. Nikitoka asubuhi, miguu ikinikubalia. Mungu akipenda." Nikasema inshallah. Sisi wa pwani tukisema inshallah twajua uzito wake. Yeye alisema Mungu akipenda kama mtu anayetazama saa. Wakaondoka. Tuktuk ikapinda kona na kelele zake, na mimi nikabaki nimeshika sinia la kokwa.

Siku ya pili, siku yenyewe, niliswali, nikarudi mbio. Nilikuwa nimeshapika tangu alfajiri. Mimi sijui kupika kidogo. Mkono wangu ulifundishwa na sufuria za nyumba iliyojaa, nikitaka kupunguza mchele naona kama natukana mtu. Pilau, kaimati za shira, tambi za kukaanga, mkate wa sinia uliotoka na shavu moja limeungua. Peremende na ubuyu nikazitia bakulini mlangoni. Nikavaa kanzu. Nikaacha lango wazi, jambo ambalo jirani yangu aliliona kabla sijamaliza kulifanya.

"Leo kuna nini, Mwalimu? Waposwa?"

"Idi mubarak, mama."

"Wa iyyaka. Mbona hukupiga chokaa kabisa!" Kisha akapakiwa na wajukuu zake kwenye gari akaenda zake kwa mwanawe.

Nikakaa. Makundi ya watoto yalipita barabarani, nguo zinameremeta, viatu vinabana. Nikasikia mmoja akisema, "Hapa pako wazi!" na mwenziwe akamjibu, "Hapa kwa ticha, we!" Wakapita wakikimbia. Simu ikalia: ujumbe wa sauti wa dada yangu kutoka Maskati, nyuma yake watoto wanapiga kelele na vyombo vinagongana. "Idi yenu ndiyo leo? Sisi twamaliza viporo. Haya, na wewe oa sasa, hata huyo mwezi yuwaonekana ukitafutwa." Nikausikiliza mara mbili kwa ajili ya zile kelele za nyuma.

Mara lango likasukumwa. Niliinuka haraka nikajikwaa kwenye kanzu. Alikuwa mwuza maji.

"Mwalimu, maji?"

Nikampa sahani. Alikula amesimama, mkono mmoja kwenye mkokoteni, akasema pilau ina chumvi ya kutosha, akaenda. Huyo ndiye mgeni wangu wa Idi mpaka adhuhuri.

Adhuhuri ikapita. Kaimati zilianza kunywa shira yake zikalegea. Niliwaza yale maelezo yangu yote, joka na koroboi na sufi, na jinsi nilivyowahubiria watoto wa watu kwamba mtu hutoka kwake akaenda kwa mwenziwe. Hakuna mahali nilipowaambia kwamba mtu hukaa na kungoja. Nikajiona mpumbavu, na njaa pia nilikuwa nayo, nilikuwa sijala nikingoja wa kula naye. Nikapakia pilau kwenye hotpoti, nikaifunga kwa leso, nikatafuta tuktuk. Mtu mzima, kanzu nyeupe, anakwenda Kiembeni kudai mkono wa Idi. Dereva akaniuliza, "Mzee, kuna harusi?" Nikamwambia kaza mwendo.

Ploti ilikuwa kimya. Watoto karibu wote walikuwa wamepelekwa ufuoni na mama zao. Siku ya Idi hata asiyeijua Idi huenda baharini. Milango ina makufuli, isipokuwa mmoja wa mwisho, pazia limefungwa fundo. Nikapiga hodi.

"Baba amelala," sauti ikasema ndani. Kisha jicho moja likatokea kando ya pazia. Kisha: "Baba! Amka! Mwalimu amekuja na leo hakuna shule!"

Akatoka yule baba, fulana imegeuzwa nje ndani, akajaribu kuniomba radhi mara tatu kwa wakati mmoja. Mkewe amekwenda bara kumwona mamake, na usiku mtoto hulala kwa jirani. Alitoka kazini, akasema atafunga macho kidogo tu, ndipo waje kwangu. "Kidogo tu, Mwalimu. Huyu alishavaa gauni."

Kweli alikuwa amevaa. Marinda yale yale ya jana, yamekunjamana.

Nikaingia. Chumba kimoja, kitanda upande huu, kochi na jiko la gesi upande ule. Nikafungua leso. Msichana akaleta sahani, akaniuliza sasa ndiyo Idi, nikasema sasa ndiyo, akauliza mwezi ulitokea wapi, nikamwonyesha upande wa magharibi juu ya kabati. Tukala. Babake alikuwa ananieleza habari za msimamizi wao, jinsi anavyowahesabia magunia, na mimi nilikuwa nimeanza kucheka, na katikati ya neno akanyamaza. Nilidhani anatafuna. Alikuwa amelala, kijiko mkononi, mdomo nusu wazi.

Niliutoa kijiko taratibu. Nikaanza kukusanya hotpoti yangu, maana adabu ya mgeni ni kujua wakati.

"Usiende," msichana akaninong'oneza. "Akiamka atasema mgeni yuko wapi, na mimi nitasema nini?"

"Sema alikwenda nyumbani kwake."

"Kwako kuna nani?"

Nikarudi nikakaa. Yeye akavua viatu, akapanda kitandani na karatasi na kalamu za rangi, akaanza kuchora kitu ambacho sikuuliza ni nini. Feni ndogo ilikuwa inageuka huku na kule. Babake akaanza kukoroma, kwanza polepole, kisha kama lori linalopanda kilima cha Changamwe na mzigo, na mimi nikaegemea ukuta, kanzu yangu imeingia doa la pilau, nikawa nasikiliza. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa chumba kimoja na mtu aliyelala. Jua likahama mlangoni, likapanda ukutani. Mara mbili nilifikiri kuondoka. Nilikaa mpaka mwenyewe akaamka.